Ngamia Waliokohoa kwa Kinywa cha Arbia

Mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza katika zahanati ya mabati iliyokuwa nje ya Bura hakuvutiwa na chupa za dirishani, wala na dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, katika koti lake jeupe. Alichokiona kwanza ni Arbia akiugua. Mgonjwa akisema mgongo unamuuma, Arbia alijipinda na kujishika kiuno. Mgonjwa akisema jicho, ni yeye aliyefumba la kwake. Akiletwa mtoto anayeharisha, Arbia alikunja uso hata mgeni asijue mwenye tumbo ni yupi.

Hakufanya hivyo kwa mzaha. Kazi yake ilikuwa kufagia zahanati alfajiri na, wagonjwa wakishafika, kuyavusha maneno yao kutoka Kisomali hadi Kiswahili. Kiswahili chake alikiokota katika nyumba za polisi, alikoishi na marehemu mumewe, na kwa sababu hiyo kilijaa amri na kilikuwa na maneno machache ya maumivu. Palipopungukiwa neno, aliongeza mwili.

"Arbia," bibi kizee Osob alimtania siku moja akiwa kwenye foleni, "wewe utatutangulia kaburini. Sisi kila mtu ana ugonjwa wake mmoja, wewe unayo ya kijiji kizima."

"Basi niombee dua, eedo," Arbia akajibu, akitumia neno wanalomwitia shangazi, "na upunguze yako."

Huo ulikuwa mwaka wa 1967, na vita vya Wasomali wa kaskazini kutaka kujitenga na Kenya vilikuwa vimeingia mwaka wake wa nne. Wafugaji waliozoea kuifuata mvua popote inyeshapo walikuwa wamekusanywa kijijini kwa amri ya serikali na kuzungushiwa ua wa miiba. Mifugo yao iliruhusiwa kwenda malishoni mwendo mfupi tu na kurudi kabla ya jua kutua. Kutokana na hayo nyasi ziliisha, ardhi ikabaki vumbi. Barabara ya kwenda Garissa ilihofiwa kwa mabomu yaliyofukiwa, na hapakupita lori ila katika msafara wenye askari.

Katikati ya dhiki hiyo palikuwa na neema moja. Miaka miwili nyuma serikali changa ilikuwa imefuta ada ya shilingi tano waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Sasa mtu aliingia mikono mitupu na kutoka na dawa. Wazee walilijadili jambo hilo kwa mshangao mkubwa. Iweje mkono uliowafungia malisho ndio huo huo uwape vidonge bure? Wakiuliza hivyo, vidonge walivichukua.

Dresa Mwadime, kijana wa Kitaita mwenye sauti ya upole, alikuwa amemletea Arbia habari nyingine iliyomkosesha usingizi kwa furaha. Mwaka mpya wa matumizi ya serikali ungeanza mwezi wa saba, na zahanati yao ilikuwa imetengewa mkunga aliyesomea kazi hiyo, pamoja na chumba kidogo cha kujifungulia. Arbia alimwomba airudie habari ile, naye akairudia.

Sababu ilikuwa Kaaha, bintiye wa pekee. Mimba ya kwanza ya Kaaha iliishia katika uchungu uliopita kiasi. Mtoto alizikwa, na mama yake akanusurika kwa tundu la sindano. Sasa alikuwa mjamzito tena, na mimba yenyewe ingekamilika baada ya Maulidi, katika mwezi huo huo wa saba. Mumewe, Rage, alikuwa amekwama Wajir tangu amri ya kutosafiri itolewe. Kila Arbia alipomwona binti yake akiinuka kwa kujishikiza kwenye mlingoti wa nyumba, alijiambia moyoni: mkunga anakuja.

Hapo ndipo alipokuja abti Keynan.

Keynan alikuwa mjomba wake Arbia, ndugu wa mama yake, na kwa Wasomali mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo moja, abti. Arbia alipofiwa na mume, mzee huyo alimfungia mlangoni ngamia mwenye maziwa. Ngamia hakuwa wa Arbia, asingeweza kumuuza wala kumrithisha, ila maziwa yalikuwa yake mradi anahitaji. Kwa maziwa hayo Kaaha alikua, na kwa maziwa hayo alikuwa akilea mimba yake. Mwenye kukunywesha hivyo, utamwambia hapana kwa mdomo upi?

Keynan aliketi mbele ya meza ya dresa, mgongo umenyooka, ndevu zimetiwa hina, mwenye afya kama mti wa mtoni.

"Abti," alimwambia Arbia kwa Kisomali, "mwambie ninakohoa."

"Unakohoa, abti?"

"Yule ngamia wangu mwekundu anakohoa. Na yule anayewanywesha nyinyi ameanza."

Arbia akashusha sauti, ingawa dresa asingeelewa hata angepiga kelele. "Abti, hii ni dawa ya watu."

"Na watu wataishi kwa nini, ngamia akifa? Sikiliza. Nani aliyefunga malisho ngamia akala vumbi? Serikali. Basi hicho kikohozi ni cha serikali, na serikali ikitibu. Mimi nimekiazimia kifua tu."

Mwadime akainua kichwa. "Mzee anasemaje? Mbona maneno yamekuwa marefu?"

Foleni ilifika mlangoni. Arbia alimtazama mjomba wake, kisha akatazama sakafu aliyoifagia mwenyewe asubuhi ile. Akaweka kiganja kifuani na kukohoa.

"Anasema kifua, daktari. Usiku kucha."

Dresa akamhurumia mzee na kumpa vidonge vyeupe vya kifua, vile vilivyosifika kwa kuzima kichomi. Keynan akaondoka navyo katika pindo la shuka, akavisaga, akavichanganya na maji, akamnywesha ngamia mwekundu. Baada ya siku chache ngamia akaacha kukohoa. Huenda ni dawa. Huenda pia ni manyunyu yaliyolaza vumbi juma hilo. Wenye ngamia hawakusubiri kuchunguza.

Akaja Sugow, jirani, akisema mkewe anakohoa. Wakaja wengine na vifua vya mama zao na shemeji zao. Arbia aliwajua wote, na alimjua ngamia wa kila mmoja. Alijaribu kukataa mara moja tu, kwa Sugow.

"Kumbe kwa Keynan ulimi una mafuta," Sugow akamwambia, "na kwangu umekauka? Au ngamia wetu si wa ukoo?"

Akafumba macho, akakohoa. Mlango uliofunguliwa kwa mjomba haungeweza kufungwa kwa jirani. Akakohoa asubuhi na akakohoa adhuhuri, hata koo lake likawa na kidonda cha kweli, na dresa akampa maji ya chumvi asukutue.

Kilichomuumiza zaidi ni wema wa Mwadime. Kijana yule hakulala. Aliamini kijiji kimeingiwa na maradhi mazito ya kifua, na hakuweza kulazimisha wanawake wapimwe na mwanamume. Akatembea nyumba kwa nyumba akiwaonya wasilale wengi mahali pamoja. Akaandika Garissa kuomba dawa zaidi, na zilipokuja zikaisha upesi kuliko za kwanza. Mtoto mchanga wa Shurie alipopata kichomi cha kweli, kopo lilikuwa karibu tupu. Dresa alikata kidonge kwa kisu ili kitoshe siku inayofuata, na Arbia ndiye aliyemshikia kisahani. Mtoto alipona. Lakini tangu siku hiyo Arbia hakuweza kumtazama Shurie usoni walipokutana kisimani.

Ulipokaribia mwezi wa Maulidi, msafara ukamleta bwana mkaguzi kutoka ofisi ya afya. Alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, mpole wa maneno, na vumbi la safari lilikuwa limempaka rangi moja na kofia yake. Watu wakakusanywa mbele ya zahanati, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Askari wa msafara wakasimama nyuma. Arbia akaitwa mbele akalimani.

"Waambie serikali imesikia kikohozi chao," akaanza mkaguzi.

Arbia akawaambia. Wanaume wakatazama vidole vya miguu yao.

"Waambie hakuna kijiji kinachokohoa kama hiki katika mkoa mzima."

Akawaambia. Sugow, kwa adabu, akakohoa.

"Sasa nitasema jambo gumu, ulieleze polepole. Serikali ilipofuta ada ilijua wagonjwa wataongezeka, na ilikubali kubeba mzigo huo kwa kodi ya nchi nzima. Lakini mfuko ni mmoja. Kila mwaka Hazina hutuuliza mtahitaji nini mwakani, na mwaka wa kesho kutwa, na hata mwaka wa tano. Sisi hujibu kwa kutazama vituo kama hiki. Mwaka huu Hazina imesema haitaongeza. Mkitaka kuweka hapa, imesema, ondoeni pale."

Arbia akaeleza polepole. Alieleza vizuri, maana jambo lenyewe lilikuwa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na hapo hakukuwa na mtu asiyejua hesabu ya kisima.

"Kwa hiyo," mkaguzi akaendelea, akivua kofia, "kwa sababu ya kikohozi chenu tumeamua kuweka hapa dawa za kifua, mwaka huu na miaka minne inayofuata. Na ili tuzipate, tumeondoa mkunga pamoja na chumba cha kujifungulia. Mkunga atapelekwa Modogashe. Waambie tumesikitika, lakini uhai wa wengi hutangulia."

Arbia akafungua kinywa. Macho yake yakamwendea binti yake.

Miongoni mwa wanawake, Kaaha alikuwa ameketi na miguu mbele, mtandio umetandazwa juu ya tumbo, akimtazama mama yake kwa uso wa mtu anayesubiri habari njema.

"Anasema nini?" wakauliza wazee.

"Mama, umechoka?" akauliza mkaguzi.

Arbia alihisi uso wake ukiwaka kama aliyeinamia jiko. Angalisema chochote wakati ule, angaliaminiwa. Angaliweza kuwaambia wazee kwamba bwana anawasalimu. Angaliweza kunyamaza, apeleke aibu yake nyumbani na kuilea kimyakimya. Lakini tumbo la Kaaha lilikuwa mbele yake, na hapakuwa na njia ya kulizunguka.

"Bwana mkubwa," akasema kwa Kiswahili chake cha nyumba za polisi, "watu hapana kohoa. Ngamia ndiyo nakohoa. Mimi ndiyo nasema uongo."

Mkaguzi akavua miwani. "Ngamia?"

"Ngamia, bwana."

Kicheko kikapasuka kutoka kwa askari nyuma. Mmoja akauliza kwa sauti kama ngamia hao huvua viatu wakiingia kwa daktari. Mwadime hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, na rangi ilikuwa imemtoka.

"Abti," Keynan akaita, maana Kiswahili hakukijua, "mbona hawa wanacheka?"

Mkaguzi akamgeukia Arbia. Sauti yake haikuwa na ukali, na ingekuwa afadhali ingekuwa nao. "Sasa waambie wao ulichoniambia mimi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mbele ya mkaguzi alikuwa amejivua nguo mwenyewe. Sasa alitakiwa amvue na mjomba wake, kwa lugha ya mama yake, hadharani, wanawake wakisikia. Akaitazama ardhi kavu kati ya miguu yake na kusema kwa Kisomali, "Nimemwambia hakuna anayekohoa hapa. Nimemwambia ni ngamia. Dawa iliyokwenda kwa ngamia imemla mkunga."

Keynan akainuka kwa fimbo yake.

"Ulimi huo," akasema, "umenenepa kwa maziwa ya nani?"

Jibu lilijulikana na kila mtu.

"Kaa chini, Keynan," Osob akapaza sauti kutoka upande wa wanawake. "Kifua ulikiazima mwenyewe. Leo kirudishe."

Wanawake wachache wakacheka kwa hofu. Sugow akalalamika kwamba wake alikuwa ngamia mmoja tu, tena mdogo, asijumlishwe na wa wakubwa. Keynan hakuketi. "Mwambie na hili, basi," akamwamuru Arbia. "Mwambie nani aliyefunga malisho. Ama ulimi wako unakwenda upande mmoja tu?"

Arbia akalikalimani na hilo, neno kwa neno, askari wakisikia. Kicheko chao kikaisha. Mkaguzi akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Hilo si la idara yangu," akasema mwishowe, na hakumtazama mtu alipolisema.

Keynan akaondoka barazani. Aliposikia hatua zake zikipita, Arbia alitamani ardhi impokee.

Baadaye, ndani ya zahanati, mkaguzi alimwambia ukweli bila kuupaka sukari. Makisio ya matumizi yalikuwa yamekwisha pelekwa Nairobi. Angeeleza kosa, ingawa lingemwaibisha na yeye pia, maana ni yeye aliyetia sahihi. Kama Hazina ingekubali kurudisha fungu mahali pake kabla mwaka mpya haujaanza, mkunga angekuja na msafara wa kwanza wa mwezi wa saba. Kama isingekubali, angekwenda Modogashe, na kijiji kingengoja miaka hiyo yote.

"Siahidi," akasema. Kisha akaongeza, "Mficha uchi hazai, mama. Umefanya vema kusema. Ila ungesema mapema."

Alipotoka, walibaki Arbia na Mwadime. Arbia alichukua ufagio, si kwa sababu palikuwa na uchafu, bali mikono ilitaka kazi.

"Mama Kaaha," dresa akasema, "nilikuwa nikikesha nikivisikiliza vikohozi vyenu, nisivisikie. Nilikuamini kuliko masikio yangu."

"Nifukuze, daktari."

"Nikikufukuza nitazungumza na nani?"

Hakumfukuza. Lakini kesho yake alimwita Osob, ambaye alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni, akamwomba aketi kando ya meza. Kuanzia hapo kila neno la Arbia lilisikilizwa mara mbili. Osob alipokubali kwa kichwa, ndipo dresa alipofungua kopo. Arbia aliona haki katika jambo hilo, na kila mara lilimchoma upya.

Nyumbani kulikuwa na aibu ya aina nyingine. Keynan hakumchukua ngamia wake. Aliwaambia wazee kwamba kumnyang'anya mpwa maziwa ni fedheha asiyoiweza. Kila jioni alikuja kumkagua ngamia, akampapasa shingo, akamwuliza Kaaha hali yake, kisha akampita Arbia kama anavyopita kigingi. Arbia alikamua, akaleta kibuyu, akanywa kwa sababu isingefaa kumwaga, na maziwa yakamshuka kooni kama mchanga.

"Hooyo," Kaaha akamwuliza usiku mmoja, akimwita mama kwa lugha yao, "ulipokuwa ukiwakoholea, hukuniwaza?"

"Nilikuwaza. Nilidhani dawa ya serikali haina mwisho. Nilidhani inatoka mahali pengine, na mkunga anatoka mahali pengine."

Kaaha akageuka ubavu. "Na mimi nilijua," akasema. "Nilimwona abti akisaga vidonge. Nikanywa maziwa, nikanyamaza."

Wakalala, kila mmoja na sehemu yake ya kosa.

Maulidi yakasomwa, yakapita. Mwezi wa saba ukaingia. Habari ikaletwa na askari wa zamu kwamba msafara umetoka Garissa, na kwamba unakwenda polepole kwa sababu barabara inapimwa mbele ya magurudumu. Kama kuna mwanamke ndani yake, hakuna aliyejua. Nairobi ilikuwa haijajibu, au ilikuwa imejibu na jibu halijafika.

Asubuhi ile Kaaha aliamka akijishika kiuno. Kufikia jua la utosi alikuwa ameacha kuzungumza na alikuwa akipumua huku ameuma meno. Osob akavua viatu, akaingia ndani pamoja na wanawake wengine wawili, wakaanza kumsomea dua. "Nenda langoni," akamwambia Arbia. "Hapa unatuharibia hewa kwa hofu yako."

Arbia akaenda langoni mwa ua wa miiba. Mwadime alikuwa amekwisha fika, amevaa koti lake jeupe lililofuliwa, na nyuma yake zahanati ilikuwa wazi, kitanda kimefunikwa shuka safi.

"Rudi kivulini, mama," askari wa lango akamwambia. "Unamngoja nani kwenye jua hili?"

"Mkunga."

"Una hakika yumo?"

"Sina."

Abti Keynan naye akaja. Akasimama upande wa pili wa lango, akaegemea fimbo yake, hakumsalimu mtu. Akakaza macho barabarani. Kutoka nyumbani sauti ya Kaaha ikawafikia, ndefu, na mzee akakaza mkono wake juu ya fimbo.

Kwenye upeo wa macho vumbi likainuka. Lori la kwanza likatokea, limejaa askari. La pili likaonekana nyuma yake, limefunikwa turubai lote. La tatu lilikuwa mbali bado, limo ndani ya wingu lake, halijulikani limebeba nini. Arbia akainuka kwa ncha za vidole, akakinga jua kwa kiganja, akaanza kumtafuta mwanamke kati ya waliomo.